Mifuko ya Joto Tuliyoishonea Serikali

Nyinyi vijana mnaopanda mapaa ya shule na zahanati kufunga paneli za jua, mnaovaa kofia ngumu za njano na kulipwa na mkoa, msinitazame hivyo. Mimi pia niliifanyia kazi serikali hii, kwenye mambo hayo hayo ya umeme na hali ya hewa. Ila sikupanda paa hata siku moja. Nilikaa kwenye kiti, cherehani mbele yangu. Sasa macho yamenikimbia, kutunga uzi tu mpaka nimwite mtu. Mdomo lakini uko mzima, kwa hiyo kaeni.

Hapa Johannesburg wananiita Mama Furaha. Kwetu ni Bukavu. Karakana yetu ilikuwa Malvern, juu ya duka la matairi, hatua chache kutoka roboti, yaani taa za barabarani, za Jules Street. Tulikuwa wanawake wanne: mimi mwenye karakana, Mama Sifa wa Uvira, na wasichana wawili wa Bujumbura ambao walicheka kila kitu, hata bomba likipasuka. Tulishona sare za shule, majoho ya kwaya na mito ya makochi. Hiyo mito ya makochi ndiyo iliyotuponza, nitawaambia.

Miaka ile umeme ulikuwa wa mgao. Unaingia saa hii, unatoka saa ile, na wakati wa baridi ndiyo usiseme. Serikali ya mkoa ilikuwa inahangaika: umeme hautoshi, na kule mitaani watu wanachoma makaa ya mawe mpaka asubuhi hulioni jua kwa moshi. Wakatafuta kila njia. Taa zisizokula umeme, matangi ya jua ya kuchemshia maji, na katika hizo njia kukawa na mfuko wa kupikia. Ndiyo, mfuko. Msicheke.

Mfuko wenyewe ni kitu rahisi. Unachemsha sufuria yako, ikishachemka vizuri unaiondoa motoni, unaitumbukiza ndani ya mfuko mnene uliojazwa vipunje vyeupe vya plastiki, vile vinavyojaa kwenye makasha ya televisheni. Unafunga. Joto halina pa kutokea, chakula kinaendelea kuiva chenyewe. Moto umeuzima tangu zamani. Bibi zetu walifanya hivyo kwa majani makavu na blanketi, hawakuliita jina lolote.

Mtu aliyetuletea kazi alikuwa Bwana Molefe, ofisa wa idara ya mkoa. Mwembamba, mpole, anatembea kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Alituambia wazi: mtashona mifuko ya majaribio, tutaigawa katika mtaa mmoja upande wa mashariki, na majira ya baridi yakiisha tutaangalia. Watu wakiitumia, mkoa utaagiza mingi. Wasipoitumia, fungu hilo la fedha litahamia kwenye kitu kingine. Nilimwelewa vizuri mno. Sare za shule zilikuwa zimeanza kuletwa kutoka viwandani kwa bei ambayo mimi hata kitambaa sipati. Agizo lile likikosekana, nitabaki na cherehani moja, na wa kwanza kuondoka angekuwa Mama Sifa, kwa sababu macho yake yalikuwa mabaya kuliko ya mtu yeyote pale. Na Mama Sifa alikuwa mjane, hana pa kwenda. Alimzika mumewe Uvira, akapanda basi kuja huku. Hakuwahi kuniuliza itakuwaje. Alikuwa anazidi tu kufika mapema asubuhi.

Sasa sikilizeni kosa letu, kosa la washonaji wa makochi. Kwenye mto wa kochi, mteja akibonyeza na mkono ukazama, anakurudishia. Mto mzuri unajazwa mpaka unakuwa mgumu. Basi na mifuko tuliijaza hivyo hivyo, ikasimama kama ngoma. Tukajisifu. Bwana Molefe akaja kupima, akaweka sufuria ya maharage asubuhi. Jioni tukafungua, maharage yamepoa kabisa, magumu kama kokoto. Akasema taratibu, "Mama, hapa kuna nini?"

"Kuna mfuko," nikamjibu kwa hasira.

Mama Sifa ndiye aliyeingiza mkono, akazungusha kando ya sufuria. "Dada, hapa napitisha ngumi yangu," akasema. "Mfuko mgumu haukumbatii sufuria. Hewa inaingia." Tukapunguza theluthi nzima ya vipunje. Mfuko ukalegea, ukawa kama tumbo la mama wa watoto wengi, na sufuria ikazama ndani ikashikwa pande zote. Maharage yakaiva. Kwa hiyo hata nyinyi wa paneli, jueni kwamba ujuzi wa kazi ya jana unaweza kukuharibia kazi ya leo.

Na vile vipunje! Mungu wangu. Vinanata kwenye nywele, kwenye nyusi, vinaingia mpaka kwenye chai. Siku moja msichana mmoja alifungua dirisha, upepo ukaingia, karakana nzima ikawa nyeupe. Mwenye duka la matairi akapanda ngazi akidhani tumewasha moto wa ajabu. Eish, tulikuwa tunachambua vipunje mpaka kwenye soksi. Toka hapo tukawa na sheria: dirisha limefungwa, mfuko wa ndani kwanza, sindano nyembamba, mshono mara mbili. Sindano nene inaacha tundu, na kwenye tundu kipunje kimoja kikitoka, kinawaita ndugu zake wote.

Tulijifunza na kupika pia, kwa sababu mtu anayeshona sufuria itakapolala lazima ajue sufuria yenyewe. Sufuria ijae, ile yenye chakula kidogo inapoa haraka. Masizi ya chini uyafute, au uweke kitambaa kilichokunjwa, la sivyo bitana inaungua. Maharage mekundu uyaloweke, kisha uyachemshe kwa nguvu, yatokote kweli kweli, kabla hujayaingiza kwenye mfuko. Ukiyapeleka mabichi na joto la kuchechemea yatakugeuza tumbo, utaomba kufa. Na ukishafunga, usifungue. Hapo ndipo Mama Sifa aliponitoa roho. Alipika sombe, kisamvu cha kwetu, akafunga, baada ya muda kidogo huyo, anafungua.

"Unatafuta nini humo?" nikamuuliza.

"Naangalia tu."

"Ukiangalia inatoka."

"Dada, sombe isiyoangaliwa ni ya nani?"

Ilibidi nikalie mfuko. Nawaambia kweli, nilishona sare nzima nimekaa juu ya sombe.

Basi mifuko ikagawiwa. Kulikuwa na mkutano kwenye ukumbi wa mtaa ule, Bwana Molefe akaeleza mambo ya hewa chafu na dunia kupata joto. Ilikuwa baridi ya kukata masikio, na kina mama wamejifunga mablanketi. Mmoja akasema kwa sauti, "Dunia kupata joto? Ianzie hapa basi." Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Bwana Molefe mwenyewe akacheka, na nikampenda kwa hilo.

Yule aliyesema alikuwa Gogo MaKhumalo. Gogo ni bibi, kwa Kizulu. Mwili mkubwa, sauti kubwa, na jiko la makaa ya mawe jikoni kwake, la chuma, lililosuguliwa mpaka linang'aa. Alipokuja kuchukua mfuko alinitazama toka kichwani mpaka viatuni. "Wewe umetoka Kongo kuja kunifundisha mimi kupika?"

Kizulu changu kilikuwa cha sokoni. Nikamwambia, "Hapana, Gogo. Mimi nashona tu."

"Sharp," akasema, yaani sawa. "Basi usifungue mdomo."

Katikati ya baridi nikafuatana na Bwana Molefe kuangalia mifuko. Aibu iliyonipata siku ile sitaki impate hata adui yangu. Nyumba ya kwanza, mtoto amelala juu ya mfuko. Ya pili, mfuko uko mlangoni kuzuia upepo. Ya tatu ilikuwa ya jirani wa Gogo, Mama Lerato. Mumewe, mtu mcheshi, mlinzi wa usiku, akatukaribisha kwa mikono miwili. "Mama, kitu chako kinafanya kazi sana!" akanambia. Akafungua mfuko, ndani mna bia. "Barafu kidogo, unafunga, hata kesho ni baridi!" Hakudanganya, kinachozuia joto kutoka kinalizuia pia kuingia. Mkewe akajificha uso kwa khanga ya mgongoni kwa kucheka. Kwa Gogo, mfuko ulikuwa umekunjwa vizuri juu ya kabati, haujaguswa, na jiko linanguruma.

Ndani ya gari Bwana Molefe alifunga faili lake. Halafu akasema, "Mama Furaha, nina safari moja tu ya ukaguzi iliyobaki. Nikikuta hivi hivi, siwezi kuandika uongo." Sikumlaumu. Niliporudi karakana, Mama Sifa alikuwa anafagia vipunje. Aliinua kichwa, akaona uso wangu, akaendelea kufagia. Nilitaka kulia nikashindwa hata hilo.

Jumapili baada ya ibada sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwa Gogo, peke yangu, na mkate mkononi, kwa sababu mgeni haendi mikono mitupu. Nikagonga. Akanitazama, akautazama mkate, akaniacha niingie. Kule ndani kulikuwa na joto zuri, nikaelewa nusu ya jambo kabla hajafungua mdomo.

"Gogo," nikasema, "kuuliza si ujinga. Kwa nini hutumii mfuko?"

"Mfuko wako utanipasha miguu?"

"Hapana."

"Jiko linanipasha miguu, linanikaushia nguo, linanichemshia maji ya kuoga, na linapika. Nilizime ili nikumbatie mto?" Akanikatia mkate wangu mwenyewe, akanimiminia chai. Halafu akasema kwa sauti ya chini zaidi, "Na kuna jingine. Mtaa huu, nyumba ikizima jiko mchana, majirani wanakuja na shuka za kufunikia vioo. Jiko linazimwa mtu akifa. Mimi nizime langu kila siku nijiitie msiba?"

Nikaweka kikombe chini. Hata kwetu Bukavu, wafiwa hawapiki. Majirani ndio wanaoleta chakula mpaka matanga yaishe. Nilikuwa nimeshona mifuko majuma na majuma nikiwaza uzi na sindano, sikuwaza kabisa kwamba namwambia mwanamke azime moto nyumbani kwake. Nikamwambia, "Gogo, hata sisi ndivyo. Ningekuwa wewe nisingelizima." Akanitazama upya, kama mtu aliyekuta sarafu kwenye koti la zamani. Tukazungumza mambo ya watoto, mambo ya magoti. Mfuko hatukuutaja tena. Nikarudi na taksi nikijua kazi imekwisha, nikawa natafuta maneno ya kumwambia Mama Sifa. Sikuyapata, nikamwambia hivyo hivyo. Akasema, "Haya," akauliza kama bado kuna majoho ya kwaya ya kumalizia.

Siku ya ukaguzi wa mwisho ikafika. Ardhi nyeupe kwa jalidi, nyasi zinavunjika ukikanyaga. Tulipoingia mtaani nikaona watu wamesimama wawili wawili mbele ya nyumba ya Mama Lerato, na mapazia yamefungwa. Yule mumewe mcheshi alikuwa ameanguka lindoni juzi yake, moyo, hakuamka. Nilishika mlango wa gari nikashindwa kutoka. Mtu aliyenifungulia mfuko akicheka!

Gogo MaKhumalo alikuwa amesimama mlangoni kwake, kitambaa cheusi kichwani. Miguuni pake palikuwa na mfuko wangu, umefungwa kamba vizuri, umenenepa. Alimwona Bwana Molefe na faili lake kwapani.

"Mmechelewa," akasema. "Wewe, kijana, beba huu. Mgongo wangu haufai."

"Gogo, nimekuja kwa ajili ya..."

"Beba."

Bwana Molefe akanipa faili, akabeba. Sufuria ilikuwa nzito, akawa anatembea ameegemea nyuma, tai imeruka begani, na watu wakimpisha njia. Gogo mbele, yeye katikati, mimi nyuma.

Mama Lerato alikuwa amekaa juu ya godoro sakafuni, amejifunika blanketi, na wanawake wawili kando yake. Jiko lake liko baridi, na chumba baridi vilevile. Mezani kulikuwa na vyakula vilivyoletwa na majirani, vimefunikwa sahani juu ya sahani, ugali umeganda na mafuta ya mchuzi yamekuwa meupe. Mwanamke mmoja akaninong'oneza kwamba tangu habari ifike hajatia kitu mdomoni, kila wakimpa anasema hawezi kumeza.

Gogo akapiga goti, ilimchukua muda. Akafungua kamba. Mvuke ukapanda mpaka usoni kwake. Yalikuwa mahindi ya kukobolewa na maharage, Watanzania wanaita makande. Alikuwa ameyachemsha alfajiri kwenye jiko lake, akayafunga, yakaiva humo ndani huku yeye akiwa kwenye sala za msiba. Akapakua, akamwekea Mama Lerato sahani mikononi, akaizungushia vidole vyake.

Mama Lerato akaishika tu. Akaishika muda mrefu. Halafu akasema, "Ina moto," kama mtu anayeshangaa, na machozi yakaanza kumtoka. Akala kijiko kimoja. Akala kingine, analia na kula, analia na kula, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Mimi nilitoka nje. Nyinyi mngebaki?

Uani Bwana Molefe alikuja kusimama karibu yangu, akachukua faili lake. Gogo alipotoka akamuuliza, kwa adabu, swali alilotumwa kuuliza. "Gogo, samahani. Nyumbani kwako, mfuko huu unautumia?"

"Hapana," akasema Gogo.

Nikaanza kuhesabu cherehani nitakazouza.

"Nyumbani kwangu nina jiko," akaendelea. "Huu ni wa kupelekea watu. Na ni mdogo. Jumamosi tunazika, sufuria yangu ya miguu mitatu haiingii humu, nimejaribu. Wanawake wote wa chama chetu cha mazishi wanataka mkubwa. Sasa kijana, ukija kuuchukua huu, mimi nitakufuata mpaka ofisini kwako na sufuria kichwani."

Bwana Molefe hakuandika kitu. Alitazama mabomba ya moshi ya mtaa ule, moja moja, halafu ile nyumba isiyo na moshi. Akaniuliza, "Mama Furaha, wa miguu mitatu mnaweza kushona?"

Nikasema ndiyo. Sikuwa najua hata kidogo tutakataje kitambaa cha kukumbatia miguu mitatu, lakini nikasema ndiyo, tena kwa sauti. Tulikuja kugundua baadaye kwamba unaweka kitako cha duara chenye kujaa zaidi, na miguu inatafuta mahali pake yenyewe. Mkoa uliagiza mikubwa kwa vyama vya mazishi, mtaa baada ya mtaa. Na nyumba zilizouzoea mfuko kwenye misiba zikaanza kuutumia pole pole siku za kawaida, hasa zenye majiko ya umeme, wakati wa mgao. Karakana ikaishi mpaka mimi nilipochoka, si mkoa. Bwana Molefe alihamishwa, siku hizi nasikia anashughulika na mapaa, labda ndiye bosi wenu. Mkimwona mumsalimie, mumuulize kama mgongo umepona.

Lakini jioni ile sikuwa najua hayo yote. Nilipanda ngazi za karakana, wasichana wa Bujumbura wakaacha kucheka kwa mara ya kwanza tangu niwajue. "Imekuwaje?" wakauliza pamoja. "Tumepata? Hatukupata?" Nikakaa, nikaanza kusimulia, mlinzi amekufa, Gogo, sufuria, mjane juu ya godoro. Nikafika pale kwenye sahani, nikakatiza kutafuta leso.

Mama Sifa alikuwa ameegemea meza ya kukatia. Hakuuliza habari ya agizo.

"Alikula?" akaniuliza.

"Alikula, dada. Akamaliza."

Akaitikia kwa kichwa pole pole, akajifuta macho kwa ukingo wa kitenge chake. Kisha akakunjua kitambaa juu ya meza na kuchukua mkasi.